Mbwa kashika upele na sasa watu ndani wanajikuna, nimfukuze?

Shikamoo Dokta,

Naomba unisaidie manake humu ndani hakukaliki tena. Tuna mbwa wawili, Simba ambaye ni mkubwa tumekaa naye miaka, na Popi ambaye mwanangu alimwokota barabarani akiwa bado mdogo, halafu kuna paka anaitwa Nyau. Popi alivyokuja alikuwa amekonda na masikio yake pembeni yamenyonyoka manyoya, kila aliyemwona akasema hiyo ni njaa akishiba atapendeza, na kweli akanenepa lakini manyoya ndo kwanza yakazidi kutoka.

Afu kujikuna sasa. Dokta huyu mbwa anajikuna mpaka usiku tunasikia mguu wake unagonga sakafu du du du, anajing'ata viwiko, tumboni pamekuwa pekundu pana vidonda, kwenye kingo za masikio kuna magamba ya njano njano hivi na siku zingine anatoa harufu mbaya. Nikanunua dawa ya kumwogeshea, nikamwogesha, akatulia kabisa, manyoya yakaanza kurudi tukashukuru Mungu tukajua yameisha. Wapi! Baada ya muda yamerudi palepale na safari hii na Simba naye kaanza, ye bado hajanyonyoka ila anajikuna balaa.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Mume wangu ametokwa na vipele vidogo vyekundu mikononi kwa ndani na tumboni, mtoto anavyo kifuani na mapajani, na hao wawili ndo wanaokaa na Popi kwenye kochi wakimpakata. Mi sina hata kimoja. Mume wangu kaja juu, anasema huyu mbwa aondoke au apigwe sindano alale moja kwa moja, hawezi kuugua ugonjwa wa mbwa ndani ya nyumba yake. Mtoto akisikia hayo maneno ni kilio.

Na ushauri ninaopewa huku nje unanichanganya kabisa. Jirani anasema nimpake oli chafu ya gari, shemeji anasema nichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe, kuna mtu kaniambia upele wa mbwa hauwezi kumshika binadamu hata siku moja eti hao wana alaji tu, mwingine tena anasema ukishaingia kwa binadamu ndo hautoki maisha. Nimegugo nikakuta picha za kutisha nikazima simu.

Naomba kujua, huu ugonjwa unaambukiza watu kweli au la? Na paka je? Nifanye nini ili uishie hapa usienee, na Popi nimfukuze? Halafu mdogo wangu ni mjamzito na anakuja kukaa na sisi karibuni, nimwambie asije? Samahani kwa maneno mengi Dokta ila nimechoka.

Ni mimi, Mama wa Nyumba Inayowasha

JIBU

Marahaba mama, pole sana, na wala usiombe samahani kwa maneno mengi, hayo maelezo yako yamenisaidia kuliko picha.

Popi usimfukuze. Huruma ipo, lakini tuiweke pembeni kwanza, kumfukuza hakutakusaidia kitu. Simba keshaanza kujikuna, maana yake hata Popi akiondoka leo wadudu wanabaki na Simba, afu huko Popi atakakoenda anawapelekea mbwa wa watu wengine, ambao kesho kutwa wanakutana na Simba wako getini mnaanza upya. Na ugonjwa wenyewe unatibika, siku hizi unatibika kirahisi kuliko zamani, kwa hiyo kumpiga mbwa sindano ya kufa kwa sababu ya upele, hapana, mwambie baba Pendo au baba nani huyo kwamba Dokta kakataa.

Sasa hao wanaobishana huko nje, mmoja anasema unaambukiza mwingine anasema hauambukizi, wote wana kaukweli kao, tatizo kila mmoja anaongelea ugonjwa wake. Upele wa mbwa unaletwa na wadudu wa jamii ya utitiri, wadogo mno, huwaoni kwa macho, na wako wa aina zaidi ya moja. Kuna wale wanaoitwa Demodex, hao wanaishi kwenye vinyweleo, karibu kila mbwa anao kidogo, mama anawapa watoto wake siku za mwanzo akiwa ananyonyesha, na kinga ya mbwa ikiwa nzuri hawafanyi fujo. Kinga ikiyumba ndo wanazaliana, mbwa ananyonyoka mabaka mabaka usoni na kwenye miguu ya mbele, na mara nyingi mwanzoni hata hajikuni sana. Hao hawahamii kwa binadamu na mbwa mkubwa mwenye afya hawamsumbui. Aliyekwambia upele wa mbwa haumshiki mtu labda aliona mbwa wa namna hiyo.

Wako sio hao. Kuwashwa kwa kiwango hicho, masikio, viwiko, tumbo, mbwa wa pili kufuata, watu kutokwa na vipele, hiyo inanipeleka kwa Sarcoptes scabiei, tuwaite sarkopti, na hawa ndo wanaoambukiza hasa. Jike anachimba kijitundu kwenye ngozi ya juu, anaingia humo anatembea akitaga mayai, mawili matatu kwa siku, mayai yanaanguliwa ndani ya siku chache na kale kadogo kanakua mpaka nako kaanze kutaga, mzunguko wote unachukua kama wiki 2 mpaka 3. Huo mzunguko uushike vizuri kichwani manake kila kitu nitakachokwambia huku chini kinatokana nao, na ndo unaoeleza kwa nini Popi alipona akarudi palepale. Ile dawa ya kuogeshea iliwaua waliokuwa hai siku hiyo, mayai yakabaki, yakaanguliwa, na hapohapo Simba naye alikuwa keshaokota wa kwake ila bado hajaonyesha. Mbwa anayeshika kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki kadhaa hana hata dalili ndo aanze kujikuna, na wapo wengine wanaobeba wadudu bila kujikuna kabisa. Kwa hiyo ulimtibu mgonjwa mmoja katikati ya wawili na ukamtibu mara moja, hapo hata dawa ingekuwa nzuri namna gani isingetoboa.

Kuna kitu unaweza kujaribu hapo nyumbani leo kabla hujaenda popote. Mwite Popi akae ametulia, shika ukingo wa sikio lake, ule ukingo mwembamba wenye magamba, ukunje kidogo uufikiche kwa vidole viwili taratibu huku unamwangalia mguu wa nyuma wa upande huohuo. Mbwa mwenye sarkopti mara nyingi mguu unaanza kupiga hewani wenyewe kama anajikuna, hata kama haufiki popote, utacheka lakini ndo dalili yenyewe. Mfanyie na Simba. Sio kipimo cha mwisho, wapo wenye upele wasiofanya hivyo na wapo wazima wanaofanya, ila ukienda kwa dokta wa mifugo ukamwambia hili anakuelewa haraka. Vaa glavu lakini, na ukimaliza nawa kwa sabuni.

Kwa dokta huyo nenda na mbwa wote wawili. Atakwangua ngozi kidogo kwa kisu kidogo, kwenye ncha za masikio na viwiko, aangalie kwenye hadubini. Na hapa nikutahadharishe mapema usije ukarudi nyumbani umekata tamaa, hawa sarkopti ni wajanja kukamatika, mbwa anaweza kuwa na wadudu wachache tu wanamtesa usiku kucha, kisu kikapita pembeni majibu yakaja hamna kitu. Majibu ya hamna kitu hayamaanishi hana. Madokta wengi dalili zikiwa zinaongea wazi kama hizi zako wanaanza dawa tu na kuangalia kama anapata nafuu, hiyo ni njia halali kabisa. Akikwangua mwambie aangalie na kama kuna fangasi, manake choa nayo inanyonyoa manyoya na inaambukiza watu na paka, na matibabu yake ni tofauti kabisa. Na hiyo harufu uliyoisema, mara nyingi ni bakteria wameingia kwenye vidonda vya kujikuna, kwa hiyo Popi anaweza kuhitaji na antibayotiki juu ya dawa ya wadudu.

Haya dawa. Kuna vidonge vya kutafuna vya jamii ya fluralaneri, afoksolaneri na sarolaneri, kidonge kimoja kinafanya kazi mwezi mzima au zaidi kulingana na aina, na uzuri wake ni kwamba vinapoanguliwa vile vidogo vinakuta dawa bado imo mwilini mwa mbwa, vinakufa kabla havijataga. Kuna za matone ya kudondoshea shingoni, selamektini na moksidektini. Kuna za kuogeshea zenye amitrazi ambazo zinahitaji kurudiwa rudiwa kama dokta alivyopanga. Ipi kati ya hizo, hilo mwachie aliyemwona mbwa, manake Popi bado mdogo na kila dawa ina umri wake na uzito wake wa chini, na kama yeyote kati yao amewahi kuanguka kifafa umwambie dokta kabla hajakupa hivyo vidonge.

Tuje kwa shemeji na dawa yake ya ng'ombe. Mama usithubutu. Dawa za kuogeshea ng'ombe zimekolezwa kwa ajili ya mnyama wa mamia ya kilo, ukikosea kuchanganya mbwa analegea, anatapika, anaweza kufa, na wewe unayemwogesha bila glavu kwenye bafu lisilo na dirisha unaivuta na kuinyonya kwenye ngozi yako mwenyewe. Kuna na wale wanaochoma mbwa ivermektini ya ng'ombe kwa kukadiria. Ivermektini ni dawa nzuri mkononi mwa anayeijua, lakini kuna mbwa wa jamii ya Collie na ndugu zao wenye kasoro ya kurithi ambayo inaacha dawa ipite mpaka kwenye ubongo, dozi ambayo mwenzake anaivumilia yeye inamlaza chini, na kwa mbwa mchanganyiko wa kuokota barabarani nani anajua babu yake alikuwa nani.

Oli chafu ya gari ndo usiniambie kabisa, hii inanikera kila mwaka. Watu wanaipaka kwa sababu mbwa anaonekana kutulia, kumbe ametulia kwa sababu anaumwa. Ile oli imejaa mabaki ya vyuma na kemikali za injini, inaunguza ngozi ambayo tayari ina vidonda, mbwa anajilamba inaingia tumboni inakwenda kwenye ini na figo, halafu anakuja kujifutia kwenye kochi lako. Mafuta ya taa hivyohivyo. Na jiki pia, kabla mtu mwingine hajakushauri.

Sasa kwenye swali lako kubwa, la kuzuia usienee, hapa nataka tukae kidogo.

Jambo la kwanza chagua siku moja, wanyama wote wanaoishi pamoja waanze dawa siku hiyohiyo. Simba na Popi wote, hata kama mmoja wao angekuwa hajikuni. Ukimpa mmoja leo mwingine ukasema tusubiri mshahara, yule wa kusubiri anamrudishia mwenzie wadudu wakicheza, na umetupa hela. Kama uwezo hautoshi kwa wote leo bora mjipange siku kadhaa muanze pamoja, huku mmewatenga na wengine. Na ukishaanza usiache kwa sababu manyoya yamerudi. Hapo ndo wengi wanapoharibu, mbwa akianza kung'aa dawa ya pili inasahaulika. Nenda mpaka mwisho wa muda ambao dokta kasema, mara nyingi ni mwezi mmoja mpaka mwezi na nusu hivi. Siku za mwanzo kabisa kuwashwa kunaweza hata kuzidi kidogo, wadudu wanakufa ndani ya ngozi na mwili unawachachamalia, usishtuke ukadhani dawa imekataa, muulize dokta kama anaweza kukupa kitu cha kupunguza muwasho ili mbwa alale na nyie mlale.

Paka. Sarkopti wa mbwa kwa paka hutokea mara chache, ila hutokea, na paka ana upele wake mwenyewe wa mdudu mwingine unaoanzia kwenye masikio na uso unakuwa na magamba magumu, nao pia unaweza kuwarukia watu kwa muda. Kwa hiyo Nyau naye aende akaangaliwe, na dokta akiona inafaa atampa dawa ya paka. Narudia, dawa ya PAKA. Dawa nyingi za mbwa za matone zina permethrini, na permethrini kwa paka ni sumu, anatetemeka anapata degedege anakufa, na amitrazi nayo usimwekee. Hata kumlamba mbwa aliyetoka kupakwa dawa ya namna hiyo kunatosha kumletea shida, kwa hiyo siku ya dawa watenganishe mpaka mbwa awe mkavu kabisa, na soma pakiti, kama imeandikwa ni ya mbwa tu basi ni ya mbwa tu. Nimeshaona watu wanakata nusu ya dawa ya mbwa wanampa paka wakijua ni suala la uzito. Sio uzito.

Kutenga mbwa. Popi na Simba wakae sehemu yao yenye sakafu inayofulika, wasipande kochi wala kitanda, mtoto asiwapakate, angalau mpaka dokta aseme wamekaa vizuri. Sio kuwafungia gizani mama, wapewe maji, watembelewe, waongeleshwe, mwanao anaweza kukaa mlangoni amsomee hadithi akitaka, ila mikono mbali. Mtu mmoja ndo awahudumie, na kwa kuwa wewe ndo huna vipele kazi inakuangukia, pole. Vaa shati la mikono mirefu na glavu, likitoka hapo linakwenda kufuliwa moja kwa moja. Wasitoke kwenda kukutana na mbwa wa jirani, na jirani mwenyewe umwambie wazi kwamba wako wanaumwa upele, najua aibu lakini kama mbwa wake wamekuwa wakicheza na wako ni vizuri naye awachunguze, la sivyo wewe utatibu yeye atakurudishia kupitia uzio.

Usafi nitaupitia haraka kwa sababu watu wanauogopa kupita kiasi wanafikia kuchoma magodoro. Sarkopti akitoka kwenye mwili wa mbwa hana maisha, ndani ya nyumba ya kawaida anamaliza siku chache tu kwa kukauka, ila penye baridi na unyevunyevu anaweza kusogea hata wiki 3. Matandiko ya mbwa, mablanketi, foronya za kochi, taulo, fua kwa maji ya moto kweli, nyuzi 60, uanike juani yakauke kabisa, na rudia kila wiki wakati wa matibabu. Kitanda cha mbwa kilichochakaa kitupe tu. Kochi lisilofulika lipigwe mashine ya kufyonza vumbi au brashi kali kila baada ya siku chache, na lifunikwe shuka unaloweza kulivua ukafua. Vitu visivyofulika vitie kwenye mfuko wa plastiki ufunge uviweke pembeni wiki 3. Kola, kamba, brashi ya manyoya, hivyo watu husahau, loweka kwenye maji ya moto na sabuni, na kila mbwa awe na brashi yake. Kupulizia nyumba nzima dawa ya wadudu sikushauri, faida yake ndogo, na una paka, mtoto na mgeni mjamzito anayekuja.

Sasa nyie wenye miili. Ndio, sarkopti wa mbwa anamshika binadamu, mumeo hajaota. Akishahamia anajaribu kuchimba, ngozi inakataa, mnapata vipele vyekundu vya kuwasha ndani ya siku moja hadi chache, mahali palepale mbwa anapogusa: mikono kwa ndani, tumbo, kifua, mapaja. Angalia vya mumeo viko wapi, ni pale anapomkumbatia Popi, yani mbwa kajichora mwenyewe. Lakini mdudu huyu hawezi kumaliza mzunguko wake kwa binadamu, hazaliani huko, kwa hiyo mbwa akitibiwa na kupakatana kukisimama vipele vinakwisha vyenyewe, mara nyingi ndani ya wiki 2 au 3. Huyo aliyesema hautoki maisha mwache. Kinachowafanya watu waone hautoki ni kwamba wanajitibu wao, mbwa hawamtibu, kila jioni wanaongezewa wengine.

Kupunguza muwasho tumia losheni ya kalamini au dawa ya alaji, kwa mtoto uliza famasia dozi ya umri wake, kata kucha zake ziwe fupi ili asijichune. Nendeni hospitali endapo vipele vinatoa usaha, au vinaendelea wiki 3 zimepita tangu mbwa waanze dawa, au muwasho uko katikati ya vidole, kwenye kifundo cha mkono, kiunoni na sehemu za siri na unazidi usiku, manake huo unafanana na upele wa binadamu wenyewe ambao mtu anaupata kwa mtu mwenzie, huo hauishi bila dawa na nyumba nzima inatibiwa siku moja. Mwambieni daktari wa watu kwamba nyumbani kuna mbwa mwenye upele, hilo watu hawalisemi na daktari anabaki kukisia. Na kama kuna yeyote hapo mwenye kinga ya chini, anayetumia dawa za saratani kwa mfano, au steroidi za muda mrefu, huyo asisubiri hizo wiki, aende mapema na akae mbali kabisa na mbwa kwa sasa.

Mdogo wako aje tu. Ila kama tarehe inasogezeka, ije ikute mbwa wameshaanza dawa wiki mbili tatu na matandiko yameshafuliwa mara kadhaa, itakuwa raha kwa kila mtu. Akija asiwaogeshe mbwa, asishike hizo dawa, alale chumba ambacho mbwa hawaingii, na akitokwa na kipele asijipake chochote cha dukani mpaka aulize kliniki anakohudhuria.

Na mtoto akiokota mwingine, manake mtoto mwenye moyo huo ataokota tena, msimkatalie wala msimwache aingie naye moja kwa moja sebuleni. Mbwa mgeni akae peke yake kwanza, apelekwe kwa dokta, apewe dawa ya wadudu, minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa kabla ya kukutana na Simba na Popi. Muulize dokta pia kama hao wawili wakae kwenye kidonge cha kila mwezi moja kwa moja, vile vya kuzuia kupe na viroboto vingi vyao vinawazuia na hawa sarkopti humohumo.

Wiki 6 zikipita mbwa wote wamepata dozi zote, mmefua, hamjakutana na mbwa wa nje, na bado Popi anajikuna vilevile, rudi kwa dokta umwambie arudie kukwangua na aangalie viroboto na alaji ya chakula, kwa sababu hapo tutakuwa tunatafuta kitu kingine.